Tairi la ndani lililokuwa likizunguka bure

Video yenyewe ni ya sekunde chache. Ni barabara ya udongo upande wa Kisarawe, mvua imepita asubuhi na tope jekundu limeanza kukaza. Impreza yangu, Subaru STI ya 2004, inaingia kona ya kushoto inayopanda kilima. Rafiki yangu kasimama ukingoni na simu mkononi. Nakanyaga mafuta, injini inapandisha sauti, turbo inaitika, gari linatambaa.

Nikiwa nimeshika usukani sikuhisi jambo kubwa. Nilidhani ni utelezi tu. Jioni, tulipoitazama video polepole, ndipo tulipoona. Tairi la nyuma kushoto, la ndani ya kona, lilikuwa linazunguka kwa fujo, likirusha tope mpaka kwenye kioo cha pembeni. La kulia, ambalo ndilo lililobeba uzito wote wa kona, lilikuwa linajiendea taratibu na gari, utadhani halihusiki na shughuli ile.

Gari lenye LSD nyuma, yaani difu (gia inayogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia) linalozuia tairi moja lisizunguke bure, halitakiwi kufanya hivyo.

Wiki kadhaa nimekuwa nikiifungua ile video: kwenye foleni, kitandani, hata msibani mara moja (Mungu anisamehe). Swali lilikuwa lile lile. Tangu lini?

Linafifia tu

Beringi ikichoka inalia. Klachi ikiisha utainusa. Breki zikimalizika, chuma kitasaga chuma mpaka mpita njia ageuke. LSD ya sahani, inayofanya kazi kwa sahani za chuma zinazobanana, haina adabu hiyo. Sahani zinakonda, springi zinalegea, na difu linageuka kidogo kidogo kuwa difu la kawaida. Gari linatembea kama kawaida. Tena linakuwa kimya zaidi, maana ule mkoromo wa kuegesha kwenye nafasi finyu nao unapotea, na mwenye gari anashukuru.

Kwenye Subaru kuna pazia la ziada: magurudumu yote manne yanavuta. Nyuma pakilegea, mbele panaokoa. Dereva analaumu tairi, analaumu mvua, analaumu barabara, na difu linaendelea kupokea mshahara bila kufanya kazi.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nimelipenda gari hili likiwa katika hali hiyo. Zile sifa zote nilizokuwa nawamwagia watu kuhusu jinsi linavyokula kona, je, nilikuwa nasifia gari gani?

Kijiweni kila mtu ana difu lake

Nilipoitoa habari hii kijiweni, majibu yalikuja kabla sijamaliza sentensi. Nunua la mtumba Gerezani. Agiza Cusco au Kaaz kutoka Japani. Weka la njia mbili, funga mjadala. Mmoja alisema niuze gari ninunue Prado, na huyo hakuulizwa.

Nakiri hilo la kuagiza lilinivutia. Hakuna mwenye Impreza asiyejiona walau mara moja ndani ya Safari Rally. Patrick Njiru kumaliza wa nne mwaka 1994, Colin McRae kushinda mwaka 1997, hizo ni hadithi tulizokua nazo upande huu wa dunia. Lakini magari yale yalikuwa na kikosi cha mafundi kinachosubiri kwenye kituo cha huduma, tayari kubadilisha chochote kilichochoka. Mimi ninaye fundi mmoja, naye Ijumaa mchana hayupo.

Bei ya LSD mpya, ukijumlisha usafiri na ushuru, ingenunua bodaboda. Hilo peke yake halikunizuia. Kilichonizuia ni kwamba sikuwa na uhakika nanunua dawa ya ugonjwa gani.

Kwa hiyo nilianzia kwenye la mtumba, kwa kuangalia tu.

Mtihani wa mtaani

Ukifika kwenye maduka ya spea ukauliza difu la STI, muuzaji atakuburutia moja kutoka kwenye lundo, alishike pande zote mbili na kuzungusha upande mmoja. Upande wa pili ukifuata mwelekeo ule ule, anatabasamu: "LSD hiyo, bosi." Ukizunguka kinyume: "Hilo la kawaida, nitakupunguzia."

Mtihani huo una ukweli nusu. LSD ya sahani yenye afya itafuata kweli, kwa sababu springi zake zinabana sahani hata kabla nguvu haijaingia. Ila LSD ya sahani iliyochoka inaweza kuzunguka kinyume kabisa, na muuzaji akakuuzia kama la kawaida. Na difu la Torsen, ambalo Subaru waliliingiza nyuma ya STI baadaye, mara nyingi litazunguka kinyume hata likiwa zima, kwa kuwa linafanya kazi kwa meno ya gia zilizokatwa mshazari, na meno hayo yanahitaji mzigo ili yabanane. Mkononi mwa muuzaji hakuna mzigo. Naamini kuna Torsen nzima ngapi sijui zimeuzwa mjini kwa bei ya chuma chakavu.

Mtego wa pili ni uwiano, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. R180, jina la difu hili, ni kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya duara ndani yake, kwa milimita. Ukubwa wa nje hauelezi meno ya ndani. Kuna Subaru zenye gia ya kuhamishia ya 1.1 kwenye gia boksi, na hizo zinataka difu la nyuma la 3.545. Nyingine zina 1.0 na zinataka 3.90. Zidisha 1.1 kwa 3.545 utapata 3.8995, yaani mbele na nyuma wanakubaliana. Ukichanganya, matairi ya mbele na ya nyuma yataanza kuvutana kwa asilimia kumi hivi kwenye kila mita, na difu la kati, linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ndilo litakalopigania amani mpaka liungue.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, piga alama ya chaki kwenye flenji ya propela. Zungusha pande zote mbili pamoja mizunguko kumi kamili, huku mwenzako akihesabu flenji. Ikifika thelathini na tisa, ni 3.90. Ikiishia thelathini na tano na nusu hivi, lirudishe kwenye lundo au utafute gari linaloendana nalo.

Nililipata la 3.90. Lilifuata mwelekeo vizuri. Nikatoa pesa mfukoni, nikairudisha.

Kwa sababu nilijua lile linafuata. Sikujua langu linafuata kwa kiasi gani.

"Umeleta gari au umeleta jibu?"

Fundi ninayemtegemea ni mtu mzima, gereji yake ipo chini ya mwembe na wengi wangeiita bubu. Nilimfikia asubuhi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta gari au umeleta jibu?"

Nilikuwa nimeanza kumweleza njia mbili, njia moja na nusu, Torsen. Akaniacha nimalize, akavuta jeki.

Hakulifungua difu. Alifungua propela kwanza, akaifunga pembeni kwa waya. Nilimuuliza kwa nini, akasema hataki difu la kati litie chumvi kwenye hesabu ya la nyuma. Gia huru, handibreki imeachiwa, tairi za mbele zimezuiwa kwa mawe, tairi la nyuma kulia liko chini, la kushoto liko hewani na stendi chini ya chasisi. Akavalisha spana ya torki, ile ya zamani yenye sindano, kwenye nati ya kitovu cha gurudumu, akaanza kuvuta polepole huku jicho lake likiwa kwenye sindano.

Unachokitafuta ni pale gurudumu linapoanza kusogea. Nguvu iliyokuwepo wakati huo ndiyo mkazo wa awali: namna springi zinavyozibana sahani bila msaada wa injini.

Sindano haikufika hata Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha).

"Hapa hamna mtu," fundi alisema.

Na ghafla ile video ikaeleweka. Ndani ya LSD ya sahani, nguvu ya injini inapoingia, msalaba wa gia ndogo unapanda kwenye miteremko iliyochongwa kwenye pete mbili za chuma, unazitanua, nazo zinazibana sahani. Nguvu ikiongezeka, mbano unaongezeka. Ila ili mambo yote hayo yaanze, lazima kuwe na kitu kinachopinga. Tairi la ndani likiwa karibu kuelea, halipingi chochote, kwa hiyo miteremko haina cha kusukuma. Pale pale unapoihitaji LSD kuliko wakati wowote, kinachobaki kukuokoa ni mkazo wa awali peke yake. Wangu ulikuwa umekwisha.

Juu ya gazeti

Siku iliyofuata lilitoka. Kulitoa si vita: eksel mbili, bolti za nyuma, bolti za mbele, jeki ya kulipokea. Vita ni usafi. Fundi aliosha nyumba ya difu kwa dizeli kabla ya kulegeza bolti hata moja, na shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) za upande wa kushoto alizifunga kwa waya mmoja, za kulia kwa mwingine, kwa sababu zikichanganyika, uwazi kati ya meno ya krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, unabadilika, na difu litaimba mpaka ulichukie.

Oili ilitoka nyeusi na nyembamba. Nati ya kumwagia ilikuwa na ndevu za unga wa chuma, laini kama wanja. Fundi alizisugua kati ya vidole viwili, akazinusa.

Kisha akazipanga sahani juu ya gazeti kwa utaratibu zilivyotoka, kushoto na kulia.

Nilitarajia maafa. Nilitarajia sahani zilizopasuka, zenye rangi ya bluu ya kuungua, ushahidi wa maisha ya kasi. Hakukuwa na kitu kama hicho. Zilikuwa zimekonda kwa usawa, zinang'aa kama zilizopigwa polishi, vidole vyake vya pembeni bado vizima. Springi za sahani, zile zenye umbo la koni, zilikuwa zimelala karibu kunyooka. Meno ya krauni yalikuwa safi. Beringi nzima.

Fundi alilitazama gazeti kwa muda.

"Hili halijafa kwa mashindano," alisema. "Limekufa kwa lami."

Hesabu ya tairi

Sikumwelewa mpaka alipokwenda kuchukua kipimo cha kina cha kashata (meno ya tairi) na kuniita kwenye tairi za nyuma. Zote 225/45 inchi 17, kampuni moja, muundo mmoja. Nilizikuta hivyo nilipolinunua gari. Kushoto na kulia zilitofautiana milimita nne.

Bila shaka moja lilipasuka zamani likabadilishwa peke yake. Nani hununua mawili kwa sababu ya pancha moja?

Jioni nilichukua karatasi. Tairi la ukubwa huo lina kipenyo cha milimita 634 hivi likiwa jipya, yaani mzunguko wake ni karibu mita mbili. Milimita nne za kashata zikipungua, mzunguko unapungua sentimita mbili na nusu. Kidogo sana, sivyo? Lakini kwa kilomita moja tairi kubwa linazunguka mara 502 na dogo mara 508. Tofauti ya mizunguko sita na ushee, kila kilomita, kwenye barabara iliyonyooka, bila kona, bila kukanyaga mafuta kwa fujo. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kilomita mia na tisini hivi. Safari moja tu ya kwenda, zaidi ya mizunguko 1,200 ambayo difu lazima liimeze kwa sahani kusuguana.

Difu la kawaida lingeimeza bila malalamiko, hiyo ndiyo kazi yake. LSD ya sahani imetengenezwa ili ipinge tofauti hiyo hiyo. Kila kilomita ya lami iliyonyooka ilikuwa inaila kidogo.

Halafu kulikuwa na ile oili. Ilivyokuwa nyepesi na kwa jinsi sahani zilivyong'aa, fundi alihisi kuna wakati mtu aliongeza dawa ya kupunguza msuguano ili kuondoa mkoromo. Dawa hiyo ina nafasi yake: oili ya LSD ya sahani huwa nayo kwa kipimo, ili sahani ziteleze kwa utulivu badala ya kushika na kuachia. Ukizidisha, mkoromo unakwisha kweli, na kazi nayo inakwisha. Umezima kengele, moto uko pale pale.

Hapo ndipo hamu yangu ya kuagiza ilipoisha. Kama ningefunga LSD mpya ya bei ya bodaboda juu ya tairi zile zile, ningeikuta baada ya miaka michache imelala juu ya gazeti jingine.

Njia ngapi?

Bado nilikuwa na uamuzi. Difu liko wazi, ndiyo nafasi ya kuboresha kama nataka.

LSD ya njia mbili inabana unapokanyaga mafuta na inabana pia unapoachia. Kwenye udongo, kwa dereva anayeligeuza gari kwa makusudi, ni chombo kizuri. Kwenye Barabara ya Sam Nujoma saa kumi na mbili jioni, mvua imeanza kunyesha, abiria mama yangu mzazi, ni jambo jingine. Unaachia mafuta kuingia kona, nyuma panakataa kuachana, pua ya gari inasukuma mbele badala ya kugeuka. Ukizidisha, tairi zote mbili za nyuma zinateleza kwa pamoja, na hakuna la kulishikilia gari upande. Difu la kawaida lina ubaya wake, ila likiteleza huteleza tairi moja.

Ya njia moja na nusu ni suluhu ya katikati, na kwa anayeshindana kwenye autokrosi Jumapili na kwenda kazini Jumatatu, pengine ndiyo ningemshauri.

Torsen ndiyo iliyonikalisha macho. Vernon Gleasman, Mmarekani aliyeisajili hataza mwaka 1958, alikuwa na wazo zuri mno: hakuna sahani za kuisha, hakuna mkoromo, oili ya kawaida ya difu (GL-5) inatosha. Meno yenyewe yanapeleka nguvu kwa tairi lenye mshiko, kwa uwiano fulani. Kwenye lami sioni cha kuishinda. Tatizo liko kwenye neno uwiano: likizidishwa kwa sifuri, jibu ni sifuri. Tairi moja likiwa hewani kabisa, Torsen isiyo na mkazo wa awali inaduwaa. Na njia za Kisarawe ninazozipenda zina makorongo yanayonyanyua tairi la nyuma kila baada ya kona.

Nikamwambia fundi turudishe lilivyokuwa. Sahani mpya, springi mpya, mkazo wa kiasi, si wa kujionyesha.

"Umelipa pesa ya kufikiri," alisema. "Hiyo siitozi."

Sahani hizi huuzwa kwa unene tofauti, ili fundi azipange mpaka apate mbano anaoutaka. Alizipanga, akapima, akazitoa, akabadilisha moja, akapima tena. Uwazi wa krauni aliuangalia kwa geji ya saa, akiuzungusha sehemu nne. Mchana ulipita hivyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa na kutouliza maswali.

Sindano sasa inasogea karibu na Nm 40.

Baada ya hapo

Tairi mbili za nyuma ni mpya, pacha. Za mbele zitafuata mwisho wa mwezi, maana hesabu ile ile inalihusu difu la kati, na sitaki kusikia fundi akisema "hapa hamna mtu" mara ya pili.

Sahani mpya zinataka kuzoeana. Nilizungusha gari umbo la nane kwenye kiwanja kitupu, taratibu, kushoto na kulia, kisha tukamwaga oili ya kwanza ikiwa na unga wake wa kijivu na kuweka nyingine ya LSD, 75W-90. Lita moja hivi. Mkoromo umerudi: nikirudi nyuma getini usukani ukiwa umekatwa wote, nyuma panasema kro, kro. Jirani ameniuliza kama gari lina tatizo.

Kisarawe nimerudi. Gari linatoka kwenye kona ile kwa pembe tofauti. Nyuma panasukuma kwa pamoja na lazima nifungue usukani mapema kuliko nilivyozoea. Kuna kona nyingine, ya kulia, yenye kokoto, ambayo sasa naiogopa kidogo, na zamani nilikuwa naipita huku naongea. Sijajua bado kama ni mkazo umezidi au ni mimi niliyezoea gari legevu. Fundi anasema nisubiri sahani zikae, ndipo tupime tena.

Kuhusu Torsen sijafunga mlango. Kama wewe unayo nyuma ya STI yako na unapita njia zenye makorongo, nipe kiti cha abiria siku moja. Mafuta nitaweka mimi.